Jina la Marehemu Mgongoni

Jumamosi moja ya Novemba, Philomène alikuwa uani kwake mtaa wa Banengo, pembeni mwa mji wa Bafoussam, akitwanga magimbi ya chakula cha jioni, mwanawe Gildas alipoingia kwa mlango wa nyuma ameshika viatu vya mpira mkononi. Gildas alikuwa amekufa kwa homa akiwa na miaka sita. Jezi aliyovaa ilimfika magotini, jasho lilikuwa linamtiririka, na kwenye njumu za viatu vyake kulikuwa na theluji ambayo haijayeyuka. Aliomba maji. Philomène alimpa kikombe, akamwambia aviache viatu nje kwa sababu jikoni kumetoka kupigwa deki.

"Umetoka wapi?" alimuuliza.

"Kucheza."

"Mmeshinda?"

"Mbili moja," Gildas alisema, akaingiza kidole kwenye sufuria ya mchuzi wa njano, akapigwa kofi la mkono kama zamani.

Kuku walikuja kudonoa ile theluji, wakaiona baridi, wakaiacha.

Hapakuwa na fumbo lolote katika kuja kwake. Aliitwa, akaitika. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, katika mji mmoja wa milimani mashariki mwa Uturuki, mtangazaji wa uwanja hutaja namba kumi na moja, na watu elfu kumi na mbili hujibu "Gildas!" mara tatu, kwa pumzi moja. Hata mtu mzima aliyelala usingizi wake wa haki angeamka, sembuse mtoto, tena mwepesi wa usingizi kama yule. Baba yake naye alikuwa amekufa, tena kabla ya Gildas, lakini hakuna uwanja uliokuwa unamwita, kwa hiyo alibaki alipo.

Aliyevaa namba kumi na moja alikuwa Anicet, kaka yake Gildas, mzaliwa wa kwanza wa Philomène, ambaye alikuwa hai.

Mambo yalianza kwa Sosthène. Sosthène alikuwa meneja. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na simu tatu na shati lililofungwa vifungo hadi kooni, na alikuwa akizunguka kwenye mashindano ya mitaani akitazama miguu ya watoto wa watu. Alipomwona Anicet akipita pembeni mwa uwanja na mpira, alimfuata hadi nyumbani, akakaa kwenye kiti kizuri, akakubali chakula.

"Mama Anicet," alisema, "mwanao ana mguu. Ana mguu kweli, sikudanganyi. Ila ana miaka ishirini na miwili. Wale wa ng'ambo hawanunui ndizi mbivu. Wanataka mbichi, waiivishe wenyewe."

"Sasa nimrudishe tumboni?" Philomène aliuliza.

Sosthène alicheka kwa adabu. "Huna mtoto mwingine wa kiume?"

"Nilikuwa naye."

"Alizaliwa mwaka gani?"

Philomène alimtajia. Sosthène alihesabu kwa vidole, uso ukamchangamka. "Angekuwa na kumi na saba," alisema. "Umri mzuri sana huo."

Kifo cha Gildas hakikuwahi kuandikishwa popote. Mtoto wa miaka sita hana mali ya kurithiwa, na siku zile Philomène hakuwa na nguvu za kupanga foleni. Serikalini, Gildas alikuwa mzima wa afya. Wala mtaani hakuna aliyeshangaa kusikia Anicet anasafiri kwa cheti cha mdogo wake. Kila mchezaji wa kule ana umri wa mama na umri wa mpira, na majirani ni watu wazima, wanajua upi wa kuutaja mbele ya nani.

Philomène hakuwa mwizi, hata wa kitu cha mwanawe. Kabla Anicet hajasafiri, alichukua chumvi na mafuta ya mawese, akaenda nyuma ya jiko alikozikwa Gildas, akamwaga kidogo kidogo kama inavyopasa mtu anapoomba jambo kwa aliyetangulia. Alisema, "Kaka yako anaazima jina lako akachezee mpira. Akimaliza atalirudisha."

Kosa lilikuwa hapo. Chumvi na mafuta ni vya marehemu wakubwa, watu waliokopa na kukopesha enzi za uhai wao, na wanajua kuazima ni nini. Watoto hawaombwi. Mtoto ukimtajia mpira, maneno mengine yote hayasikii.

Kwa hiyo Gildas alianza kuja. Jumamosi mbili za kwanza Philomène alimketisha, akamlisha, akamtazama tu. Moyo wake ulikuwa na furaha iliyomtia hofu, akawa haulizi maswali asije akaiharibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Jumamosi ya tatu alimpa ndoo akateke maji. Akisha kula, Gildas aliaga na kwenda nyuma ya jiko, na asubuhi palibaki ubichi kidogo tu pale theluji ilipoyeyukia. Watoto wa jirani walizoea kusubiri langoni ili waichukue kabla haijawa maji, waichanganye na sukari. Wanaume nao walituma vibuyu vya mvinyo wa mnazi wa porini ili vipozwe. Kwa muda wa mechi chache, nyumba ile ilikuwa na wageni wengi kuliko ya chifu.

Kila mechi aliongezeka kimo. Kufikia Krismasi jezi ilimkaa sawa, na Januari alikuwa anainama kupita mlango wa jiko. Mwili ulikuwa unaukimbilia umri ulioandikwa kwenye cheti. Akili ilibaki palepale pa miaka sita, maana huko alikokuwa hakuna shule. Alikuwa na mabega ya mwanamume na bado alikuwa anataka akatiwe nyama.

Na baraka zilikuwapo, mtu asije akasema nasimulia upande mmoja. Anicet alifunga magoli. Jiko la Philomène liliwekwa vigae, bomba likaingizwa uani, na Rosine, binti yake wa katikati, akapelekwa chuo kikuu cha Dschang kusomea kilimo. Philomène alipopita Soko A, soko kuu la mji, wanaume wasiomjua walisimama kumpa heshima. Anicet alipopiga simu, alisimulia vizuri: chai inayonywewa kwenye vikombe vidogo vya kioo, wazee wanaomshika mkono barabarani wakilia kwa sababu ya bao moja, milima myeupe hadi macho yanauma. Wakati mwingine alisimulia na mengine. Pasipoti yake inakaa kwenye kabati la klabu. Mshahara unachelewa, halafu unachelewa tena. Wanaishi wanne kwenye chumba ambacho hita yake inafanya kazi ikipenda. Goti la kulia linavimba, na kocha anasema goti halijui Kituruki, lisisikilizwe.

Siku moja, baada ya mechi ya ugenini ambako mashabiki waliosafiri na timu walimwita, Gildas aliingia uani akakaa, hakugusa magimbi.

"Mama," alisema mwishowe, "kwa nini watu walikuwa wananilia kama nyani?"

Philomène aliendelea kuchambua mboga. "Walikuwa wanamwita nyani wao," alisema. "Amewapotea."

"Walikuwa wananitazama mimi."

"Kula, mwanangu."

Usiku ule Anicet alipopiga simu hakulitaja. Philomène alipomuuliza, alisema, "Mama, hata wakizomea, hawanizomei mimi. Wanamzomea Gildas," na Philomène akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kuanzia hapo ndipo Anicet alipoanza kufifia. Sebuleni kulikuwa na picha yake ya shule ya sekondari, amevaa sare. Uso ulianza kupotea, kidevu kwanza, kisha kwenda juu. Kufikia Februari ilikuwa picha ya sare iliyonyooshwa vizuri. Rosine alipompigia simu ya video aliona ukuta, na dirisha, na kochi lililobonyea. Sauti nayo ilikuwa inatoka mbali, kama ya mtu anayeongea akiwa kisimani.

"Anicet," Philomène aliita. "Anicet. We Anicet."

"Naam, Mama," ilisema ile sauti baada ya muda. "Samahani. Siku hizi jina hilo linachelewa kunifikia."

"Unakula?"

"Nakula. Ila sahani nikiimaliza, nahisi kama ameshiba mtu mwingine."

Mtaani nao walibadilika. Colette, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi na moyo wa kukopesha, alimkuta sokoni akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Gildas, nyanya zako leo zimelala kuliko mwanao."

"Unaniita nani?"

"Si ndivyo redio inavyosema? Mama yake Gildas." Colette aliona uso wake, akashusha sauti. "Nimekosea, dada. Ulimi umeteleza tu."

Lakini mwezi ule ulimi wa kila mtu uliteleza. Kwao mama huitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza, na Philomène alikuwa Mama Anicet kwa zaidi ya miaka ishirini. Alirudi nyumbani na nyanya zake, akakaa sebuleni mbele ya ile sare, na alijua kabisa kinachotokea. Watu elfu kumi na mbili walikuwa wanavuta kamba upande mmoja, naye yuko peke yake upande wa pili. Mwanawe aliye hai alikuwa anakwenda kumalizika, na kilichokuwa kinammaliza ni kushangiliwa.

Jumapili moja ya Machi mechi ilisogezwa, ikaangukia saa za upatu. Upatu wa akina mama wa Banengo ulikutana kwa Colette. Walichanga, wakala koki, kunde zilizosagwa na kupikwa kwenye majani ya mgomba, wakamsema ambaye hakuja. Colette, aliyekuwa mwenyekiti, aliuliza kama kuna mambo mengineyo. Philomène alisimama.

"Naomba mnisaidie kumwita mwanangu," alisema.

"Yupi?" Colette aliuliza.

"Yule aliye hai."

"Na siku hizi ni yupi huyo?"

Baadhi walicheka, kisha wakaacha. Mwanamke mmoja muuza samaki alisema wanawake thelathini hawawezi kushindana na elfu kumi na mbili. Mwingine akamjibu kwamba mtu aliyewahi kusikia akina mama wa Soko A wakigombania mizani hawezi kusema hivyo. Walikubaliana. Rosine, aliyekuwa amekuja kwa wikendi, aliegemeza simu yake kwenye bakuli la koki ili wote waone. Picha ilikuwa inakatika, lakini namba kumi na moja alionekana pembeni mwa uwanja mweupe, akikimbia, na mbele yake kulikuwa na beki mmoja tu.

"Sasa," Colette alisema.

Waliita. Waliliita jina la Anicet kwa sauti ambayo wanawake wa kule huitumia kuita watu kutoka kilima kimoja hadi kingine, wakaliita tena, na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Kwenye simu, namba kumi na moja alisimama. Aligeuza shingo, akatazama nyuma, juu ya vichwa vya watazamaji, kama mtu aliyeitwa na mama yake. Kwa kitambo kidogo uso wake ulionekana wazi, na Rosine akasema, "Kaka." Beki alichukua mpira. Hawakungoja sana, lilikuwa bao, la wapinzani. Uwanja mzima ulianza kupiga miluzi.

Jioni ile Gildas alichelewa. Alipofika alikuwa mdogo tena, jezi inaburuta chini, na hakuwa na theluji. Alisimama mlangoni akitetemeka, akasema kuna mtu amemsukuma. Philomène alimgusa paji la uso. Ilikuwa homa ileile. Mama hasahau joto la homa iliyomuua mtoto. Angelitambua kati ya homa mia. Alimlaza, akalowesha kitambaa, akamkanda, akambadilishia kitambaa, akamkanda, na kila alipomkanda alikuwa anajua kwamba ni yeye aliyemrudisha humo, kwa mdomo wake, mbele ya kikundi.

Alimkanda hadi simu ilipolia.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Anicet, ya karibu, nzima, yenye mafua. "Nimewasikia. Nimewasikia wote, hata Mama Colette."

Philomène alilia. Hakuwa mtu wa kulia kwenye simu, lakini alilia, akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Rudi sasa hivi, uje na miguu yako."

"Nikirudi, narudi na umri wangu. Ishirini na tatu, Mama. Nani atanitaka?"

"Mimi."

Upande wa pili watu walikuwa wanagombana kwa Kituruki.

"Mama, sikiliza," Anicet alisema. "Wameniweka benchi. Wakiniweka mechi tatu, wananirudisha. Na goti limekatika kitu ndani, daktari ameliona, lazima apasue. Anatibu goti la Gildas. Mwenye mkataba ni Gildas. Nikiwa Anicet, goti ni langu mwenyewe, na pasipoti ile si yangu, nalala ndani. Umeelewa? Halafu kuna klabu ya ligi kuu imekuja kunitazama. Rosine amebakiza miaka miwili. Msiniite tena."

"Unataka nimzike mtoto gani?"

"Hakuna anayezikwa. Utakuwa na mmoja, vizuri. Watu wengi hata huyo mmoja hawana."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayempangia mama yake ratiba ya safari. Philomène alimtazama yule aliyelala kitandani, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kukauka. Alijaribu njia ya kukwepa. Kwao kila mtoto ana jina la sifa, ambalo mama huliita anapombembeleza, na watoto wote wa kiume wa tumbo moja huitwa lile lile. Aliliita. Kitandani Gildas akasema, "Naam," na simuni Anicet akasema, "Naam."

"Hilo ni letu sote, Mama," Anicet alisema. "Sema lenye mkataba."

Rosine alikuwa amesimama mlangoni. Alitikisa kichwa kumkataza mama yake, kisha akaacha kutikisa, akatazama vidole vyake vya miguu kwenye vigae.

"Gildas," Philomène alisema kwenye simu.

Sauti ilijibu, nzito kama ya Anicet, ila ule mwitiko wenyewe ulikuwa wa mtoto: "Naam, Mama. Hapa kuna baridi." Philomène alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu na kitambaa kilikuwa kimekauka.

Baada ya hapo Gildas hakuja tena kwa mlango wa nyuma. Hakuwa na haja, alikuwa na pa kukaa. Goti lilipasuliwa, likapona vizuri, na daktari aliwaambia wenzake kwamba hajawahi kuona mwili unaounga haraka hivyo, kama wa mtoto. Klabu ya ligi kuu ilimchukua. Wanaume wa Banengo walilalamika kidogo kwamba mvinyo umerudi kuwa wa moto. Philomène aliitikia Mama Gildas sokoni, mwanzoni kwa kuchelewa, baadaye bila kuchelewa. Ile sare aliiacha ukutani.

Msimu ulipokwisha, mji ulimpokea mchezaji wake. Magari yalikwenda kumlaki uwanja wa ndege wa Douala, na yaliporudi yalipanda Bafoussam yakipiga honi tangu daraja la kwanza. Aliyeshuka alikuwa na kimo cha Anicet, miguu ya Anicet na kovu jipya kwenye goti la kulia. Alitembea ameshikilia gauni la mama yake. Watu walisema umaarufu haujamharibu, tazama anavyompenda mama. Alipoambiwa aseme neno alijificha uso, na watu wakapenda hilo zaidi.

Sosthène alikuwapo, shati limefungwa hadi kooni. Alikula vizuri, akamsifu Philomène mbele ya wageni kama mama mwenye maono, kisha akazunguka kati ya viti. Alizungumza na akina mama mmoja mmoja, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote. Aliwapa pole kwanza. Halafu aliuliza yule wenu aliyefariki alikuwa wa kiume, na angekuwa na miaka mingapi sasa. Muuza samaki alikuwa anahesabu kwa vidole. Colette, aliyewahi kuzika wawili, alimsikiliza akiwa amekunja mikono, na alipomaliza akamwambia, "Rudi kesho, leo nina wageni."

Asubuhi yake Philomène aliwasha moto mapema. Mwanawe aliamka, akaja kuchuchumaa karibu naye jikoni, magoti yake makubwa yakimfika masikioni, akawa anachora kwa kijiti kwenye majivu. Alikunywa uji. Aliuliza kama kuku yule mwekundu bado yupo, na Philomène akasema aliliwa zamani.

"Mama," alisema, "Kaka Anicet yuko wapi?"

Philomène alisukuma kuni ndani. "Yuko ng'ambo. Anacheza mpira."

"Anacheza vizuri?"

"Anacheza vizuri sana."

Hilo lilimfurahisha. Alichora duara jingine kwenye majivu, akaweka kitu kama mtu katikati yake.

"Atarudi lini?"

"Msimu ukiisha," Philomène alisema.

Msimu ulikuwa umeshakwisha. Gildas hakujua hilo, akaomba uji mwingine.